Kichwa cha mjusi wa Mariakani kiko wapi?

Kila kijana aliyewahi kwenda Mombasa kwa basi anaijua Mariakani. Ni pale penye mizani, matrela yamejipanga foleni isiyoisha, wachuuzi wanagonga vioo na korosho mkononi, na dereva anakwambia tulia, Mombasa ni hapo tu. Wachache wanajua kwamba mji huo wa foleni una mnyama wake, anayetajwa katika maandishi ya sayansi duniani: Kenyasaurus mariakaniensis. Jina la kwanza ni la nchi, la pili ni la mji. Walioandika habari zake mara ya kwanza, mwaka wa 1977, ni John Harris na Robert Carroll, baada ya mifupa yake kutoka katika mawe yanayoitwa Maji ya Chumvi, jina la kituo kilicho mbele kidogo ukitoka Mariakani kuelekea Voi. Aliishi miaka milioni 250 hivi iliyopita, mwanzoni mwa enzi ya Triasiki, kabla dinosaria hata mmoja hajakanyaga ardhi hii.

Ana mkia. Ana mgongo. Ana miguu. Kichwa hana.

Mnyama huyu anajulikana kwa kielelezo kimoja, na fuvu halikupatikana. Karibu nusu karne imepita na bado tunazungumza kuhusu mwili usio na uso. Mimi naona hilo ni jambo la aibu kidogo, na naona linaweza kurekebishwa na watu wa rika letu, tena bila kungoja mzungu aje na kofia ya jua na ruzuku ya miaka mitatu. Lakini ili nikushawishi lazima kwanza nikwambie kwa nini kichwa kina uzito kuliko mifupa mingine yote ikiwekwa pamoja.

Weka vidole viwili kando ya paji la uso, kati ya jicho na sikio, halafu uma meno kwa nguvu. Unasikia kitu kinacheza? Huo ni msuli wa taya. Unashuka ndani ya mfupa wa shavu hadi taya ya chini, na nafasi unamopita inatokana na tundu moja ambalo ukoo wetu umelibeba nyuma ya jicho kwa zaidi ya miaka milioni 300. Ng'ombe analo, mbwa analo, tembo analo. Reptilia wengi walichukua njia nyingine: matundu mawili kila upande, moja juu, moja chini, na ufito wa mfupa katikati. Mamba anayo yote mawili hadi leo. Mijusi walipoteza ufito wa chini kabisa, na mfupa unaoshikilia taya ukapata uhuru wa kusogea. Nyoka wakaenda mbali zaidi, wakatupa hata ufito wa juu, na hiyo ni sehemu ya sababu nyoka anaweza kumeza panya mnene kuliko kichwa chake mwenyewe.

Kisha kuna ukoo wa mamba, dinosaria na ndege, ambao uliongeza tundu jingine mbele ya jicho. Mamba wa leo wameliziba, ndege wanalo bado. Wale mnaokula vichwa vya kuku pale mtaani saa moja jioni, siku moja kabla ya kutafuna, hebu angalia mfupa ulio kati ya jicho na pua. Uko na ukoo wa dinosaria kwenye karatasi ya gazeti, na umeuwekea kachumbari.

Haya mambo ya matundu yanaonekana madogo, lakini ndiyo yaliyotumika kupanga koo za reptilia kwa zaidi ya miaka mia moja. Kobe aliwasumbua wataalamu kwa sababu hiyo hiyo. Fuvu lake ni zima, halina tundu hata moja nyuma ya jicho, kwa hivyo wengi walimweka chini kabisa ya mti wa ukoo, kama babu wa kale asiyebadilika. Vinasaba vilipopimwa vikasema hapana, kobe ni jamaa wa karibu wa mamba na ndege. Vurugu. Halafu mwaka wa 2015 likaelezwa fuvu la Pappochelys, mnyama wa Ujerumani wa miaka milioni 240 hivi, aliye nusu njia ya kuwa kobe, na nyuma ya jicho lake matundu yapo. Kumbe kobe aliyaziba baadaye. Mabishano ya miaka mingi yalipata mwanga kwa sababu mtu alikuta kichwa. Angekuta mguu tu tungekuwa bado tunabishana.

Sasa rudi Mariakani. Jamaa wa karibu wa mnyama wetu ni Tangasaurus, aliyeelezwa mwaka wa 1924 kutoka Tanga, na Hovasaurus wa Madagaska, aliyekuwa na mkia mpana kama kasia na aliyemeza vijiwe ambavyo bado viko tumboni mwake hadi leo. Usishangae mambo ya Madagaska. Wakati huo kisiwa hicho hakikuwa kisiwa. Kilikuwa kimebanana na pwani yetu, na hakikung'oka hadi enzi ya Jurasiki. Mariakani, Tanga na Madagaska walikuwa mtaa mmoja.

Na mtaa huo ulikuwa umetoka kuungua. Miaka milioni 252 iliyopita volkano za Siberia ziliharibu hewa na bahari kiasi kwamba sehemu kubwa mno ya viumbe ilitoweka, janga kubwa kuliko lile lililowaua dinosaria baadaye. Wale jamaa wa Tanga na Madagaska wanajulikana zaidi kutoka kabla ya janga hilo. Huyu wa Mariakani ametoka baada yake. Yaani tuna mikononi mwetu mmoja wa wale waliopona, kutoka wakati ule ule ambapo mababu wa mijusi, wa mamba, wa dinosaria na wa kobe walikuwa wanaachana njia. Alikula nini? Meno yangesema. Pua yake ilikaa wapi, juu kama ya mnyama wa majini au mbele kama ya mnyama wa nchi kavu? Ufito wake wa chini ulikuwa mzima au ulianza kukatika? Maswali haya yote yako kwenye kile kipande tusichokuwa nacho. (Namwita mjusi kwa mazoea tu. Kiukoo huyu si mjusi, ila ukisema "reptilia wa kale mwenye matundu mawili" kwenye matatu, watu watateremka.)

Labda unadhani mwili usio na kichwa ni tatizo dogo, wataalamu watakisia na maisha yaendelee. Basi sikia kilichotokea Pittsburgh, Marekani. Makumbusho ya Carnegie yalikuwa na mifupa ya Apatosaurus, dinosaria mwenye shingo ndefu ambaye wengi wanamjua kwa jina la Brontosaurus. Mkurugenzi wake, William Holland, aliamini fuvu fulani refu lililopatikana karibu na mifupa hiyo ndilo lake. Wakubwa wengine walimpinga, naye akaamua kumsimamisha mnyama bila kichwa, na hivyo ndivyo watu walivyomtazama kwa miaka. Holland alifariki mwaka wa 1932. Baadaye muongo huo makumbusho yakamvisha mnyama yule kichwa kifupi cha aina ya Camarasaurus, mnyama mwingine kabisa. Watoto wakachora kichwa hicho, vitabu vikachapisha, vikaragosi vikatengenezwa. Mwaka wa 1979 tu ndipo kikaondolewa na kuwekwa kile kirefu, kile cha Holland. Zaidi ya miaka 40 mnyama mashuhuri kuliko wote alitembea na sura ya jirani.

Na sisi tuko katika kisa kingine cha aina hiyo bila kujua. Mwaka wa 1903 Elmer Riggs alimpa jina Brachiosaurus, dinosaria mkubwa aliyechimbwa Colorado. Mifupa yake haikuwa na fuvu. Miaka michache baadaye Wajerumani wakaanza kuchimba Tendaguru, kaskazini magharibi mwa Lindi, kati ya 1909 na 1913. Wachimbaji na wapagazi walikuwa Waafrika, mamia kwa mamia, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kupondwa katika vita vya Maji Maji. Walibeba mifupa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Humo mlikuwa na mnyama kama yule wa Colorado, na huyu alikuwa na fuvu: lenye upinde mkubwa wa mfupa uliopanda juu ya macho, na matundu ya pua yaliyo wazi pale juu kabisa. Werner Janensch akamtangaza mwaka wa 1914 kuwa aina nyingine ya Brachiosaurus. Tangu 1937 amesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Fuvu hilo lilizaa hadithi. Kwa kuwa matundu ya pua yako utosini, watu walisema mnyama alizama ziwani akaacha pua tu nje, kama mtu anayejificha kwa mwanzi mdomoni. Picha nyingi za zamani zinamwonyesha hivyo. Hesabu ya shinikizo la maji ilikuja kuonyesha kwamba mapafu yasingeweza kupanuka kwa kina hicho, na mwaka wa 2001 Lawrence Witmer akaonyesha kwamba pua ya nyama ilikuwa mbele, karibu na mdomo, hata kama tundu la mfupa liko juu. Alifikia hapo kwa kusoma fuvu na kulilinganisha na ndege, mamba na mijusi wanaoishi leo. Hakuna mfupa wa paja ungemwambia hayo.

Halafu mwaka wa 2009 Mwingereza Mike Taylor akaweka mifupa ya Colorado na ya Tendaguru kando kwa kando, akahesabu tofauti zaidi ya 20 kwenye sehemu zinazolingana. Ni jamaa, ndiyo, ukoo mmoja, ila si jinsi moja. Wa Tendaguru akathibitishiwa jina lake, Giraffatitan, ambalo Gregory Paul alikuwa amelipendekeza mwaka wa 1988. Fikiria maana yake. Ile sura ya Brachiosaurus tunayoijua sote, kichwa chenye nundu kinachotafuna majani juu ya mti katika Jurassic Park ya 1993, dunia iliifahamu hasa kupitia fuvu la kusini mwa Tanzania. Uso wa Lindi, jina la Colorado. Na sisi huku tunanunua fulana zenye picha yake Gikomba tukiita Brachiosaurus.

Tanzania wenyewe hawajalala. Bonde la Rukwa limetoa Pakasuchus, jamaa wa mamba wa miaka milioni 105 hivi, mwenye fuvu dogo linaloenea kiganjani. Alipatikana akiwa amefunga mdomo, na mwamba umemshika hivyo. Ilibidi apitishwe kwenye skani kama mgonjwa hospitalini, ndipo yakaonekana meno ya ajabu: ya mbele marefu kama ya paka, ya nyuma mapana ya kusagia kama magego ya mamalia. Mamba wa kawaida hatafuni. Anang'ata, anazungusha, anameza. Huyu alitafuna. Jina lake la kwanza limebeba neno paka, na la pili, kapilimai, linamkumbuka hayati Saidi Kapilima. Yuko pia Asilisaurus kongwe, na yuko Mnyamawamtuka moyowamkia, ambaye profesa wa Chicago au Sydney hana budi kumtamka kwa Kiswahili apende asipende. Naye Boheti bin Amrani, aliyesimamia wachimbaji wa Tendaguru na kutayarisha mifupa, alingoja hadi 2007 ndipo dinosaria mmoja akaitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Karibu miaka 100. Mkurugenzi Branca wa Berlin alipata yake papo hapo, 1914.

Najua mnachotaka kuniambia. Kodi ya nyumba imepanda, kazi hakuna, shahada zinaota vumbi chini ya godoro, halafu huyu anatuletea habari za kichwa cha mjusi. Swali ni halali. Ila tazama nchi hii ilivyojijengea jina. Mwaka wa 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji kando ya mto Nariokotome, Turkana, katikati ya kokoto zenye rangi ile ile. Kutokana na kipande hicho cha fuvu wakachimba hadi wakapata karibu mwili mzima wa kijana wa miaka milioni 1.5 hivi. Kimeu hakuanza na shahada. Alianza na macho, subira na mtu wa kumfunza. Kwa hivyo mtu asiniambie hatuna watu. Tuna hata jadi.

Kasoro yetu ni kwamba jadi hiyo tumeifungia Turkana na tumeifungia kwa binadamu. Fuvu la mtu wa kale likipatikana, kila runinga inarusha, wanasiasa wanapiga picha nalo. Pwani, mawe ya umri wa Kenyasaurus yamelala wazi kando ya barabara kuu, reli ya SGR imepita huko huko, viwanja vinapimwa, malori yanapasua udongo kila siku, na hakuna anayeuliza trekta limesaga nini. Mawe hayajali kama tuko tayari. Mwamba ukivunjwa kuwa kokoto ya kumwaga chini ya bohari, kilichokuwa ndani kimekwenda.

Wenye nafasi ya kwanza kuliona fuvu hilo hawako Nairobi. Ni vijana wa machimbo. Nyote mnayajua mawe ya Mazeras, yale mabapa ya rangi ya kahawia na kijivu yanayopamba kuta na vijia vya nyumba za wenye nazo. Yanapasuliwa kwa nyundo na patasi, bapa kwa bapa, na mtu ambaye anajua kusoma mstari wa jiwe kuliko mhitimu yeyote wa jiolojia. (Usianze kubandua ukuta wa landilodi. Mwamba wa Mazeras ni mchanga kiumri kuliko ule wa Maji ya Chumvi, na mjusi wetu katoka katika ule wa zamani.) Mwamba wa Maji ya Chumvi nao una tabaka laini linalopasuka hivyo hivyo, na umekwisha kutoa samaki wa kale. Kijana wa Kinango au Kaloleni anayepasua mawe kwa siku nzima kwa hela ndogo ameshashika kurasa nyingi za kitabu hiki. Hakuna aliyemwambia ni kitabu.

Kaunti za Kwale na Kilifi zinaweza kugharamia mafunzo ya siku mbili kwa wachimba mawe bila kuuza hata gari moja la waziri. Chuo Kikuu cha Pwani kiko pale pale Kilifi. Makumbusho ya Taifa yana wataalamu na yana kielelezo chenyewe. Mjusi wetu, tofauti na wa Tendaguru, hakupelekwa Ulaya, ana nambari ya Nairobi, KNM-MA 1. Hatuna wa kumpigia kelele atulipe wala aturudishie. Walimu wa Biolojia nao wanaweza kuacha mchoro wa zamani wa farasi kwa wiki moja na kuchora matundu nyuma ya jicho la mamba, la kenge na la mwanafunzi mwenyewe. Mnyama anayeitwa kwa jina la nchi yao hawajawahi kumsikia darasani, na mtihani wa kitaifa haumtaji.

Fuvu lenyewe, likiwepo, halitafanana na lile la sinema. Huyu alikuwa mnyama mdogo. Tarajia kitu kilichobanwa bapa ndani ya jiwe, cheusi au kahawia iliyoiva kuliko jiwe lenyewe, chenye kung'aa kidogo, labda na safu ya vidoti vidogo ambavyo ni meno. Ukikutana nacho usikichokoe kwa bisibisi, usikioshe, na usimuuzie mtu yeyote hata akija na noti za elfu. Kiache kilipo. Weka sarafu ya shilingi 20 kando yake ili ukubwa uonekane, piga picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha mahali, hifadhi ramani ya eneo kwenye simu, kisha uwaarifu Makumbusho ya Taifa, manake sheria ya turathi ya mwaka wa 2006 inamtaka anayegundua kitu kama hicho atoe taarifa. Kama jiwe limeshapasuka vipande viwili, linda vyote viwili. Nusu ya fuvu huwa upande huu, na alama ya nusu ya pili huwa upande ule.